Kwa mama wa kitanda cha jirani, Bukoba 1989

Mama, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Kaka yangu alilazwa, ndugu wakaogopa hata kushika kikombe chake. Kagera tuliuita ugonjwa ule, UKIMWI, Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wewe ulikuwa unamuuguza mwanao, lakini uji ulikoroga wa watu wawili. Ukamwogesha kaka kwa mikono mitupu (glavu zingetoka wapi?), ukawa unamgeuza asipate vidonda vya mgongo. Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, wao tulishawazika. Mimi ninazimeza hadi leo. Kila Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, nawasha mishumaa miwili, wa kaka na wa mwanao. Asante sana, mama.