Makosa ya Chelmsford yasiwanyime wagonjwa dawa

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzetu aliwasifu waumini wa Scientology, kanisa lililoanzia Marekani, kwa vita yao dhidi ya madaktari wa magonjwa ya akili, akawahimiza wenye wagonjwa nyumbani waachane na dawa hizo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, na barua ile imeninyima usingizi.

Nianze na haki yao. Katika hospitali binafsi ya Chelmsford, jijini Sydney, Dk. Harry Bailey alikuwa akiwalaza wagonjwa kwa dawa nzito za usingizi, siku nyingi mfululizo, wakilishwa kwa mpira wa puani na kupigwa shoti za umeme. Wengine hawakuombwa hata ridhaa. Mambo hayo yalianza 1963 yakaendelea hadi 1979, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Kamati ya Scientology, iliyoundwa 1969 pamoja na Profesa Thomas Szasz, daktari wa akili aliyeikosoa fani yake mwenyewe, ilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele hadi serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Kwa hilo nawapa heshima yao yote. Sisi wa fani hii tulipaswa kuwa wa kwanza kusema.

Lakini kutoka Chelmsford wamefika mahali pa kudai kwamba tiba yote ya akili ni ulaghai. Kule Hollywood wana jumba la makumbusho linaloiita fani hii kiwanda cha mauti. Mwanzilishi wao, L. Ron Hubbard, alitoa kitabu chake cha Dianetics Mei 1950 akiahidi kuponya akili kwa kumrudisha mtu kwenye kumbukumbu zake za maumivu. Septemba mwaka huohuo chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikasema madai yale hayana ushahidi. Nionavyo mimi, uhasama ulianzia hapo.

Mwaka 2005 mwigizaji Tom Cruise, muumini wao, alisimama kwenye televisheni kumkosoa mwigizaji mwenzake Brooke Shields kwa kutumia dawa za sonona baada ya kujifungua, akizungumzia vitamini na mazoezi. Mimi nimekaa na kina mama hao. Mtoto analia, maziwa yanachuruzika hadi kwenye kanga, na mama anautazama ukuta. Umwambie huyo akakimbie mchakamchaka?

Tena kuna kisa cha Clearwater, Florida, cha mwaka 1995. Mwanamke wa miaka 36, muumini wa Scientology, alipata ajali ndogo ya gari, akavua nguo barabarani. Hospitali ilitaka apimwe akili. Waumini wenzake wakaja, akaondoka nao. Akawekwa katika hoteli ya kanisa, akilindwa usiku na mchana. Baada ya siku 17 alifariki dunia kwa donge la damu kwenye mapafu. Kanisa lilikana kosa, na mashtaka ya jinai yalifutwa mwaka 2000 baada ya mchunguzi wa maiti kubadili maelezo yake. Sawa. Ila siku zote hizo 17, daktari wa akili hakuruhusiwa kumwona, kwa sababu ya imani.

Najua kwa nini barua ile imewagusa watu. Mgonjwa anayemeza haloperidol, mojawapo ya dawa za magonjwa ya akili, anaweza kutetemeka mikono hadi uji unamwagika kabla kijiko hakijafika mdomoni, au shingo ikakakamaa, na ndugu wakiona hivyo wanasema dawa inamwua. Malalamiko hayo ni ya kweli, na yana dawa yake: dozi hupunguzwa, au anaongezewa benzhexol, dawa ya kupunguza mtetemeko na kukakamaa huko, au anabadilishiwa kabisa. Anayeacha ghafla ndiye tunayeletewa usiku akiwa amefungwa kamba.

Kwa hiyo namwomba ndugu yangu aliyeandika: kama una mgonjwa nyumbani, mlete kliniki na pakiti zake zote, hata zile alizoficha chini ya godoro. Tutakaa naye tuzipitie moja moja.

Muuguzi wa afya ya akili,
Morogoro