Pesa yangu imeishia chunguni, yake ipo juu ya paa

Asalaam alaykum bi somo, na nyote mnaosoma. Mie ni mke wa mtu, umri wangu 38, watoto watano, naishi wilaya ya Micheweni huku Pemba, shehia siitaji maana huku sote tunajuana. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama nimeandika ndefu.

Kazi yangu ni mwani. Nimeanza kwenda pwani na mama nikiwa mdogo, mama ni katika wale wa mwanzo kijijini kwetu. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara upande wa Paje kule Unguja mwaka 1989 halafu ukaja mpaka kwetu, na mama anasema mwanzo waume walikuwa wakali kweli, mke gani anashinda majini, walipoona pesa ya mchele inaingia ndani wakanyamaza.

Bamvua likiingia, siku zile maji yanapokupwa mbali, natoka asubuhi maji yakianza kupwa, nafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vidogo, moja moja, nimeinama mpaka kiuno hakinyooki tena, chumvi inanitafuna vidole. Wiki sita ndo navuna, naubeba kichwani unanichuruzikia mwili mzima, naanika, wingu likifunga nakimbia kuukusanya hata kama nina unga mikononi. Kilo saba nane mbichi ukishakauka unapata kilo moja, na hiyo kilo nimeiuza mara 600 mara 1,000, huu mwembamba, ule mnene wenye bei umetufia maji yalipozidi joto.

Mume wangu mvuvi, anakwenda dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, mwezi mzima au zaidi. Si mtu mbaya wallahi, hajaninyanyulia mkono hata siku moja na watoto anawapenda. Tulipooana akileta kila kitu ndani. Nilipoanza kupata changu akawa anapunguza kidogo kidogo, hakuna siku tulokaa tukakubaliana, leo "toa wewe ya mafuta ntakurejeshea", kesho mchele, mara daftari na yunifomu za skuli, mara ada ya madrasa, mpaka nikiumwa mwenyewe najitibu mwenyewe. Na yeye pesa yake akawa anaipeleka kwenye nyumba, leo matofali, kesho saruji, mwaka juzi tukapiga bati. Nilifurahi sana siku ile, nikaona tunasaidiana, mmoja analisha mmoja anajenga.

Sasa Mfungo mosi huu, mwezi unaofuata Ramadhani, shemeji yangu amekuja kututembelea kutoka Unguja, wamekaa barazani, mie natoka na birika la kahawa namsikia mume wangu anamwambia, "nyumba hii nimeijenga peke yangu, hakuna aloniongezea hata msumari." Nikasimama pale pale mlangoni. Na ukitizama ni kweli, msumari sikununua. Lakini mafundi walopiga bati wamekaa siku nne, wamekula mchele wangu, na vibua nimenunua mie kwa pesa ya mwani, na yeye mwenyewe mwaka mzima alokuwa anaweka ya bati alikuwa anakula nini? Nikamimina kahawa nikarudi ndani sikusema neno.

Kuna wakati wasaidizi wa sheria walikuja shehiani kwetu wakatueleza kuwa kwa kadhi mke anaweza kudai mchango wake katika mali ya ndoa lakini aonyeshe alichochangia. Mie sitaki kwenda kwa kadhi, sijataka talaka, ila lile neno limenikaa. Alonunua bati ana risiti. Wali uloliwa ushahidi wake nautoa wapi? Miaka kumi na tano ya mchele!

Ndo linakuja tatizo lenyewe. Mjomba wangu anauza kishamba, kina mikarafuu minne na minazi, amenipa bei ya damu, naweza kumalizia kwa pesa yangu ya hisa za kikundi chetu cha kuweka akiba tukigawana. Nikamwambia mume wangu kwa adabu, usiku watoto wamelala, kwamba nataka kununua na kwamba chakula kirudi kwake kama zamani. Akakaa kimya halafu akanambia mwanamke anaenunua shamba kwa jina lake anajitayarisha kuondoka, ama liandikwe jina lake yeye ama pwani nisende tena, ruhusa ameizuia. Na hajapiga kelele, kasema taratibu, ndo maana limeniuma zaidi.

Mama anasema mtii mumeo, pwani haihami. Shoga yangu anasema nunua kimya kimya kwa jina la kaka. Hilo la siri silitaki, nimekaa na mume wangu miaka kumi na saba sijamficha kitu, na kaka nae ana mke na watoto, akitangulia ntaanza kugombana na warithi. Na kutoenda pwani siwezi, kamba zangu zipo majini sasa hivi zina wiki nne, zikiachwa zinakatika na mwani unakwenda na maji.

Dini naijua kidogo, matumizi ni juu ya mume hata mke akiwa tajiri, na Suratun Nisaa aya ya 32 imesema wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Lakini nikimsomea mie ataona namfundisha, na atasema nani kanitia maneno.

Kwa hiyo bi somo nauliza, nimtume nani akazungumze nae bila ya kumvunjia heshima, shekhe wake wa madrasa au yule shemeji alosikia lile neno pale barazani? Na kuna mlowahi kununua shamba kwa jina lenu na ndoa ikabaki salama, mlimwambia vipi mume? Mjomba kanisubiri mpaka mwisho wa Mfungo pili, na bamvua linaingia Ijumaa ijayo. Bado sijajua kama ntakwenda.