Barua kwa mwanangu: taimingi ya Hilux ya baba yako

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, mafua ya bibi yako yamepungua. Tangu uliponipigia kuniambia Hilux imekuwa nzito na inachemsha kwenye mlima wa Kitonga, sijatulia. Ulisema umebadilisha platini, kile kifaa kinachofungua na kufunga umeme wa cheche, wiki iliyopita. Basi tatizo liko hapo hapo, usikimbilie kufungua rejeta.

Ulifunga platini mpya, gari likawaka, ukaondoka. Lakini mwanya wa platini unagusa taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, moja kwa moja. Ukiwa mdogo, platini inachelewa kufunguka na cheche inachelewa. Pistoni imeshaanza kushuka ndipo moto unashika, nguvu inaishia kwenye ekzosi na injini inapata joto. Kwa hiyo anza na mwanya, 0.45 mm, uupime kwa fila, kile kibati cha kupimia mianya, usikadirie kwa jicho. Taimingi inafuata baadaye.

Najua fundi utakayemwita atakwambia distributa, ile inayobeba platini na kugawa umeme kwa plagi, inazungushwa tu mpaka sailensa, mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ipande na gari liwe jepesi. Usikubali. Mwaka 1998, miezi michache baada ya baba yako kututoka, fundi aliniwekea hivyo kwa sikio. Mjini Iringa gari lilikuwa linaruka, nikamshukuru. Kesho yake nikapakia magunia 8 ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni. Katikati ya Kitonga, gia ya pili, nikasikia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya sufuria. Nilidhani ni bodi limelegea, nikaendelea kukanyaga mafuta. Nilipofika juu moshi ulikuwa umejaa nyuma na pistoni ya tatu imetoboka. Cheche ilikuwa inawahi mno, na gari tupu kwenye tambarare halikuambii hilo. Ada yako ya muhula ule ilitoka kwa mbuzi 2 niliowauza.

Baada ya hapo nilijifunza mwenyewe. Sukuma gari kwenye gia ya nne, plagi zikiwa nje ili injini izunguke kwa urahisi, mpaka alama ya puli ifike kwenye namba 7 kabla ya sifuri. Ipake chaki, ile alama imeshika grisi na haionekani. Alama hiyo inapita hapo mara mbili kwa kila cheche moja ya plagi ya kwanza, kwa hiyo fungua kofia ya distributa uhakikishe rota, ile inayozunguka ndani yake, inatazama waya wa plagi hiyo ya kwanza, ile ya upande wa rejeta. Nyaya zinafuatana 1-3-4-2.

Chukua ile taa yangu ndogo ya volti 12. Waya mmoja uweke kwenye koili pale unapotoka waya mwembamba wa distributa, mwingine kwenye bodi. Washa swichi, usipige stata. Legeza bolti ya shingo ya distributa, izungushe kuelekea rota inakozungukia mpaka taa izime, kisha irudishe taratibu sana. Mahali taa inapowaka tu, simama, kaza. Nilikuwa nalirudia mara tatu, maana kukaza bolti kwenyewe huwa kunaisogeza kidogo.

Rudisha kofia na plagi, acha injini ipate moto. Ukipata mwenye taa ya taimingi, chomoa mpira wa vakyumu kwenye distributa, uzibe kwa msumari, ndipo mumulike puli. Mikono mirefu ya shati ikunje. Feni hiyo iliwahi kunivuta ncha ya khanga, nikabaki nimeshika ukingo wa boneti natetemeka.

Kisha panda Kitonga na mzigo wa nusu. Mlio mfupi wa kokoto ukikanyaga mafuta ghafla si neno. Ukiendelea, simama pembeni, zungusha distributa kuelekea rota inakozungukia kiasi cha unywele.

Taa iko ndani ya kopo la kahawa chini ya kiti cha abiria, imefungwa kwa kipande cha shati la baba yako. Nipigie ukifika Ilula.

Mama yako.