Vyeti vianze kabla ya matokeo

Tukuyu,
Mei.

Kwa rafiki yangu Mama Tumaini,

Kamwene, dada yangu. Huku sote tu wazima, mvua bado inatunyeshea na watu wako kwenye kuchuma chai. Nimefurahi sana kusikia kwamba shule yenu imekukabidhi kazi ya kukaa na wazazi wa kidato cha sita kuhusu gharama za chuo. Umeniuliza huku Rungwe tunaanzia wapi. Tunaanzia kwenye vyeti, na tunaanza sasa hivi, watoto wakiwa bado kwenye mitihani. Matokeo tusiyangoje.

Wengi ninaowaona wakikwama, mtoto amefaulu vizuri na shida ya nyumbani inaonekana kwa macho. Kinachowakwamisha ni karatasi. Bodi ya Mikopo, ile ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa elimu ya juu, inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe. Mwaka jana alinijia mama mmoja kutoka upande wa Masoko akiwa na binti yake. Akafungua mfuko wa plastiki mezani kwangu: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne. Jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa na herufi moja isiyokuwepo kwenye cheti cha shule. Baba mwenyewe alishafariki siku nyingi. Alizikwa kijijini, matanga yakaisha, watu wakarudi mashambani, na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Kwa hiyo binti ambaye kijiji kizima kinajua ni yatima hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha hivyo.

Ilibidi waanze kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua, ndipo waende ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa msajili wa vizazi na vifo, huku dirisha la maombi ya mkopo likiwa tayari limefunguliwa. Mkopo aliupata, ila kwenye majina ya mwisho mwisho, na miezi ya mwanzo chuoni alikula kwa kukopa kwa wenzake. Laiti mfuko ule ungefunguliwa mwezi wa tano! Ndiyo maana nakusihi: kikao cha kwanza, waambie wazazi waje na vyeti vyote, muvilinganishe majina herufi kwa herufi. Uliza waziwazi nani amefiwa, nani yuko kwenye TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nani alisomeshwa na mfadhili, kwa sababu kila hali kati ya hizo ina uthibitisho wake. Hiyo kazi peke yake ikamaliza kikao, hujapoteza siku.

Jambo la pili ni hofu, na hili ukilipitia juu juu utawapoteza akina baba. Huku kuna wazee wanaoamini kwamba mtoto akichukua mkopo, serikali itakuja kuchukua shamba. Usiwacheke wala usiwakemee, maana wameona majirani wakinyang'anywa mali na wakopeshaji wa mitaani. Waeleze taratibu. Huu ni mkopo wa mwanafunzi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2004, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikifanya deni lizidi kuvimba, ilifutwa mwaka 2021. Pia wajue kwamba ni deni kweli na linalipwa. Nimewasikia watu wakiwaambia wazazi kwamba ni hela za serikali, zitasahaulika. Huo ni uongo unaomtesa kijana baadaye, na mimi sikubali usemwe kwenye kikao changu.

Halafu hesabu ya nyumbani. Hawa wazazi wamezoea elimu isiyo na ada: ada ya hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Chuo ndipo wengi wanapokutana na ada kwa mara ya kwanza, na wanakutana nayo nzima. Mkopo nao haulingani kwa wote. Bodi inapima uwezo wa familia, mmoja analipiwa ada yote na mwingine sehemu tu, na inayobaki ni ya mzazi. Bumu lenyewe, yaani fedha za mkopo za kujikimu, haliji siku mtoto anaposhuka kwenye basi. Ni mpaka asajiliwe, asaini, na fedha ziwe zimefika chuoni. Wakati huohuo mwenye nyumba pale Iyunga, Mbeya, anataka kodi ya miezi kadhaa mkononi, na godoro, sufuria, nauli na michango ya usajili havingoji. Waambie wazazi watenge fedha za kumtosha mtoto chakula na chumba kwa miezi miwili ya mwanzo, hata kama jina lake limetoka kwenye kundi la kwanza la waliopata mkopo.

Kwenu Mafinga najua kinachotokea: chuo kikikaribia kufunguliwa, mtu anauza miti ya miaka minane kwa bei ya kutupa. Huku ni mahindi, yanauzwa yote Julai wakati bei iko chini, ikifika Oktoba hakuna kitu ghalani. Hapo ndipo mazungumzo ya mwezi huu yanaposaidia. Mzazi akijua kiasi mapema, anauza anachotaka yeye, wakati anaoutaka.

Kuhusu kujaza maombi yenyewe sina mengi. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa kumbukumbu namba (control number). Fomu ikishachapwa inapita serikali ya kijiji au mtaa, kwa mdhamini, na kwa hakimu au wakili. Ila wakatazeni watoto kabisa kumwachia mtu wa steshenari aweke namba yake mwenyewe ya simu na nywila anayoijua yeye. Kuna kijana wetu alishindwa hata kukata rufaa kwa sababu aliyemjazia alikuwa amebadilisha laini na hapatikani. Sisi sasa tunajaza shuleni, kwenye kompyuta za shule, na kila mtoto anaandika nywila yake kwenye daftari lake mwenyewe.

Wale wa sayansi wenye ufaulu wa juu kabisa, wakumbushe kuna Samia Scholarship, ambayo hairudishwi. Na watakaochagua stashahada wasikate tamaa, baadhi ya fani zinapata mkopo tangu mwaka wa masomo 2023/24.

Orodha ya vyeti tunayowapa wazazi nimeichapa. Nitampa mwalimu mwenzangu anayekuja Iringa wiki ijayo, aishushe Mafinga stendi kwa yule dada wa duka la vocha. Ukipanga kikao siku ya Jumamosi, nitakuja tukae nao pamoja. Niambie tu mapema nipate ruhusa.

Msalimie sana Baba Tumaini na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Mama Neema