Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: zege la pwani lisipimwe kwa siku 28 tu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu nondo zinazochungulia kwenye nguzo na mabaraza ya majengo ya pwani yetu, zimevimba kutu na kubandua zege. Chumvi ya bahari hupenya kwenye vinyweleo vya zege hadi ikaifikia nondo. Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo zege hupasuka kutoka ndani. Kuongeza mifuko ya saruji hakutoshi kuzuia hilo.

Viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na TPC huchoma makapi ya miwa kwenye boila ili kupata mvuke na umeme. Majivu yanayobaki yana silika nyingi. Yakiwa yameungua vizuri, yakasagwa laini, silika hiyo huungana na chokaa ambayo saruji huitoa inapokutana na maji, na kuzaa gundi ileile inayoshika kokoto. Vinyweleo vinabana, chumvi inachelewa. Marekani walipunguza saruji kwa majivu ya makaa ya mawe kwenye bwawa la Hungry Horse, lililokamilika 1953. Si jambo geni.

Kikwazo ni zabuni. Zege la majivu, yaani lenye majivu badala ya sehemu ya saruji, hukomaa polepole: ukiponda vipande vya majaribio siku ya 28 baada ya kumwagwa linaweza kuonekana dhaifu, ilhali likifika siku ya 90 huweza kulipita la saruji tupu. Mkandarasi gani atathubutu, ikiwa mkataba unauliza siku 28 pekee?

Sisemi fundi akachote majivu jalalani. Yenye mabaki ya mkaa hunyonya maji na kuharibu mchanganyiko. Tena zege hili linadai kumwagiliwa kwa muda mrefu zaidi. Ukilimwagilia siku mbili ukaliacha, utapata bovu kuliko la kawaida. (Na siku mbili, kwa saiti zetu nyingi, ni ukarimu.)

Ninachoomba: kazi za pwani zipimwe nguvu siku ya 56 au 90, na kipimo cha kupenya kwa chumvi kiwe sharti. Shirika la Viwango (TBS) na maabara ya Wakala wa Barabara (TANROADS) wapime majivu ya kila kiwanda. Kisha zijengwe kalvati chache za majivu kwenye barabara ya Pangani, jirani na za saruji tupu, na matokeo yachapishwe hata kama yataniumbua.

Wako,
Mhandisi wa ujenzi, Tanga