Kabla ya kuchoma pleti, tupime jua

Mwezi uliopita mteja alituletea chapa aliyojitengenezea nyumbani kwake South B, uso ameukunja. Ilikuwa picha ya nyanya yake akiwa na koti jeusi, ameketi nje ya nyumba kule Nyeri. Uso ulitoka vizuri, mikunjo yote ipo. Lakini koti lilitoka kijivu hafifu, na pembeni mwake kukawa na ukingo mweusi kama alama ya kikombe cha chai mezani. "Sasa hapa shosho amevaa nini?" akauliza. Alikuwa ameongeza wino mara tatu.

Wino hauna kosa. Lalamiko hilo limetufikia mara nyingi tangu tuanze darasa la kuchapa picha kwa pleti za mwanga hapa Ngara, Nairobi, kwa hivyo acha tulieleze vizuri.

Pleti yenyewe ni bati jembamba lililopakwa plastiki laini ambayo hukauka na kuwa ngumu ikipigwa na miale ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Watengeneza mihuri wa mjini wanaijua. Baadhi ya mihuri ya ofisini imetokana na plastiki ya jamii hiyo. Picha ya simu unaigeuza iwe nyeusi na nyeupe, unaichapisha kwenye filamu inayopitisha mwanga, unailaza juu ya pleti, unakandamiza kwa kioo, kisha unaitoa juani. Huko ndiko tunakoita kuchoma pleti. Palipo wazi kwenye filamu, miale hupita na plastiki inakuwa ngumu. Palipo peusi, plastiki hubaki laini, nawe ukiisugua kwa brashi nyororo ndani ya maji ya bomba inatoka na kuacha shimo. Unaikausha pleti, unairudisha juani iwe ngumu kabisa, halafu unapaka wino na kuupangusa kwa shashi yenye wanga. Wino uliobaki mashimoni ndio picha. Karatasi ya pamba iliyoloweshwa, ikibanwa kati ya roli mbili za chuma, inaingia humo na kuuchota.

Turudi kwenye koti. Weusi mpana kwenye filamu unaacha shimo pana, na shimo pana halishiki wino. Pangusa mchuzi kwenye sahani kwa kipande cha chapati: sahani inabaki safi. Sasa jaribu hivyo hivyo kwenye kikwaruzo cha karoti. Weusi unahitaji vishimo vidogo vidogo vilivyosongamana, kila kimoja na kuta zake. Ule ukingo mweusi alioulalamikia mteja ndipo mahali pekee wino ulipopata ukuta wa kujificha.

Dawa zipo mbili. Unaweza kuiambia programu ya kompyuta iivunje picha iwe nukta zilizotawanyika bila mpangilio kabla ya kuichapisha kwenye filamu. Au unaichoma pleti mara mbili: kwanza kwa skrini ya nukta, yaani filamu iliyojaa nukta ndogo ndogo, peke yake, kisha kwa filamu ya picha. Ya kwanza ni nafuu. Mimi naipenda ya pili, maana weusi wake unakuwa mzito kama masizi ya sufuria ya kuni, na vivuli vya usoni havioneshi punje.

Kinachowaumiza wanafunzi zaidi ni muda. Wanasoma mwongozo ulioandikwa Uingereza au kaskazini mwa Marekani, wanaambiwa dakika kadhaa juani, wanafanya hivyo hivyo na pleti inatoka ngumu yote, picha imefifia. Jua letu si la huko. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, juu ya bahari karibu mita 1,800, na mwezi Machi na Septemba jua la saa sita mchana linasimama utosini. Kisha inafika Julai, wingu linakaa siku nzima, na muda uliotosha Februari unaiacha pleti ikiwa laini. Maji yanachukua hata vile ambavyo vingebaki. Kwa hiyo saa ya kwanza ya darasa huchapi picha yako. Unakata kipande cha pleti chenye upana wa vidole viwili, unakilazia skrini ya nukta, unakitoa juani kikiwa kimefunikwa kwa kadi nyeusi, na kila baada ya sekunde 15 unaisogeza kadi kidogo. Ukikiosha na kukichapa utaona ngazi za kijivu, nawe unachagua ngazi yako. Wengine huona tunawapotezea muda. Pleti ni ya kuagiza kutoka nje, kipande cha majaribio ni cha bei rahisi kuliko hasira.

Sisi wenyewe tumeziharibu nyingi. Siku moja tulitumia kioo kilichotolewa kwenye fremu ya picha, kumbe ni cha aina inayozuia UV ili picha zisipauke ukutani. Tulisubiri, tukaosha, plastiki yote ikaenda na maji, tukabaki na bati tupu. Kioo cha kawaida cha dirisha kinatosha.

Wazazi wanaotuletea vijana huuliza kuhusu sumu. Njia ya zamani ya kuhamishia picha kwenye shaba, iliyoanzia kwa Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha kule Uingereza, na kukamilishwa na msanii Mcheki Karel Klíč mwaka 1879, hutumia jelatini yenye dikromati ya potasiamu, kemikali inayosababisha saratani, pamoja na dawa ya kula shaba. Wachongaji wengine walitumia asidi ya nitriki, na moshi wake si wa mchezo. Pleti za mwanga, ambazo Dan Welden wa Marekani alianza kuzitumia kisanaa miaka ya 1970, ziliondoa yote hayo, maana zinaoshwa kwa maji matupu. Lakini sumu kidogo si sawa na hakuna sumu. Plastiki ambayo haijakauka inaweza kukuletea mzio wa ngozi, kwa hivyo glavu ni lazima. Maji ya kuoshea hatuyamwagi kwenye mtaro yakiwa mabichi: tunayaacha juani ndani ya beseni hadi plastiki igande na kuzama, tunachuja, mabaki yanaenda kwenye taka. Wino tunausafisha kwa mafuta ya kupikia na sabuni, si thina. Na matambara yenye mafuta tunayaanika yakiwa yametandazwa, kwa sababu yakirundikwa yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Hilo halina utani.

Darasa ni Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, watu sita tu kwa kuwa mashine ni moja. Kukiwa na wingu tunatumia taa ya UV, ila nayo tunaipima upya kila mara. Tuletee picha halisi kutoka kwenye simu au kamera. Usituletee iliyopitia WhatsApp. Imeshabanwa na punje zake zinaonekana hadi kwenye chapa. Chagua yenye mwanga na kivuli vinavyotofautiana waziwazi. Picha za flashi ya usiku huwa zinatusumbua.

Yule mteja wa South B alirudi na filamu mpya. Tuliichoma pleti mara mbili, skrini kwanza. Koti likatoka jeusi, na kitu ambacho hakuwa amekiona hata kwenye simu: kifungo kimoja cha koti hakifanani na vingine.