Mtungi wa moto unakaguliwa, mdomo wa bosi je?

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako nakaa kimya, ila ile taarifa yenu ya juzi ya msongo wa mawazo kazini imenishinda. Eti wafanyakazi tujifunze kuvuta pumzi na kunywa maji ya kutosha. Jamani, maji tunakunywa! Mbona bosi anayemchanganya mtu akili makusudi hamkumgusa?

Mimi ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Dar. Bosi wangu maagizo yake yote ni ya mdomo, ukimwomba aandike anakuuliza "kwani huniamini?" Kuna siku akanitumia voisi WhatsApp, mpe fulani mabati, hela analeta. Nikatoa. Fulani akaingia mitini, sasa kikao cha Jumatatu bosi ananiangalia kwa huruma kabisa mbele ya watu, "dada'angu, nilikwambia saa ngapi? Siku hizi unasahau sana, nyumbani kwema?" Nafungua simu nimwonyeshe, voisi imefutwa, wenzangu wote macho kwenye meza, mabati nikakatwa kwenye mshahara, na kilichoniuma hata sio hela, ni kwamba nilianza kweli kujiuliza kama nasahau, nalala nahesabu mifuko ya saruji, nafunga stoo nafika kituoni narudi kushika kufuli, mpaka mama akauliza nani kaniroga.

Mtasema niende CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Sheria ya ajira ya 2004 kweli inasema ukiacha kazi kwa sababu mwajiri kaifanya isivumilike ni sawa na kuachishwa. Ila ufike ndani ya siku 30, na ushahidi mkononi. Mtu aliyeaminishwa kichwa chake kibovu, siku 30 zinamkuta bado anajilaumu, na ushahidi wenyewe ndo ule uliofutwa.

Halafu haya magrupu ya kazi, saa tano usiku "mpo?", usipojibu kesho unaambiwa sisi hapa ni familia. Familia gani ya mkataba wa miezi mitatu mitatu?

Sasa OSHA, hawa wakaguzi wa usalama na afya kazini, wakija wanaangalia mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. Waongeze daftari la karboni, yapo tele Kariakoo, moja kila meza ya bosi. Agizo liandikwe, asaini, ya juu yake, nakala yangu. Asiyetaka kuandika, mabati akabebe mwenyewe.

Jina usiweke tafadhali, mkataba wangu unaisha mwezi ujao.

Karani wa stoo,
Dar es Salaam